Birika la Mnarani

"Jina lake unalijua?"

"La nani?"

"La mtoto. Mtoto wa Yunisi, aliyelazwa zahanati. Jina lake unalijua?"

"Silijui."

"Hulijui kwa sababu hana. Hata siku za kutolewa nje hajatimiza. Kitovu hakijakauka, na tangu jana anatapika, kwa sababu Birika lilipoa mchana kutwa na mama yake akachota kisimani. Haya. Nisomee tena hiyo hesabu yako."

"Yalikuwa majaribio tu, mama."

"Kajaribie tumboni kwako."

Ungewapita ungedhani kila mmoja anagombana na hewa. Ntandu alikuwa ndani ya kibanda cha koili, uso kwenye mashine, mgongo kwenye mlango. Mama mkwe wake, Bi Skolastika, alikuwa nje, kanga imeshuka mpaka puani, mgongo kwenye mlango huo huo. Katikati yao bati. Ndivyo walivyogombana, ndivyo walivyosalimiana, ndivyo walivyopeana pole ya misiba tangu Ntandu amuoe Tarsila. Mila ya kwao haina mchezo: mkwe na mkwe hawaoneani uso wala hawatajani jina. Maneno yao anayabeba yule aliyewaunganisha. Sasa Tarsila alikuwa mbali, umbali ambao ukiufikiria sana unapata kizunguzungu, kwa hiyo kazi ya kubeba maneno ikabaki kwa bati.

"Mwezi mmoja," Ntandu alisema. "Nauomba mwezi mmoja tu, halafu Birika lenu nawarudishia."

"Mwezi? Mtoto mchanga hamalizi wiki. Visima vya mwaka huu umevionja wewe? Ukame wa pili huu. Yale si maji tena, ni uji wa magadi. Ng'ombe ananusa anaondoka, sembuse mtu."

"Si waagize maji ya lori."

"Lori lipite wapi? Daraja lipo?"

Daraja halikuwepo, hilo hata yeye alilijua.

"Mama," akasema. "Ni mwanao yule."

Upepo ulipiga chumvi ya ziwani kwenye bati, cha, cha, cha, kama mtu anapepeta mchele.

"Umesemaje?"

"Nimesema yule aliye kule juu umemzaa wewe."

"Kijana, usinifundishe nimemzaa nani. Uchungu niliusikia mimi, wewe hukuwepo." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Nimetumwa na watu, nimefikisha. Ukiligusa tena hilo dude watakuja wenyewe. Na wao hawana mkwe humu ndani, mlango wataufungua."

Akasikia kandambili zake zikiondoka juu ya chumvi, zinaburuta. Hata kwa mlio wa hatua ungejua miguu ile haikunyooka.

*

Hango aliingia na mihogo ya kuchoma kwenye gazeti, akakuta mwenzake amepiga magoti anaandika sakafuni kwa chaki.

"Nimepishana na mkweo," Hango alisema. "Nimemwamkia hajaitika. Umemlia nini?"

"Niache mtani, nahesabu."

"Uliyohesabu juzi si ndiyo hiyo imemlaza mtoto wa watu?"

"Ya juzi nilikosea. Nilitumia namba ya ziwa likiwa limejaa. Ziwa limerudi nyuma, antena imebadilika. Leo nimeipima upya." Akapiga mstari sakafuni. "Omu kumi. Kumi kavu."

Hango akachuchumaa, akaanza kumenya muhogo. Kazi hii walikuwa nayo wote wawili, ila Hango aliijua kwa mikono tu. Ntandu aliijua kwa mikono na kwa hesabu, maana alifundishwa na Tarsila kwenye sakafu hii hii, kwa chaki, wakati wanachumbiana. Wengine wanapelekana sokoni kula chipsi. Wao walikaa kwenye kibanda cha koili wanatafuta vipeuo vya namba.

Na kitu chenyewe ukikielewa si kigumu. Mtambo una ubishi wake, antena ina ubishi wake, na ubishi mafundi wanaupima kwa omu. Mtambo wa redio wa Mnarani ulitengenezwa kusukuma nguvu kwenye omu hamsini. Antena, huo mnara uliosimama kwenye ukingo wa ziwa la magadi, ina omu kumi. Mmoja anataka hivi, mwingine anataka vile. Ukiwaunganisha hivyo hivyo ni kama kumimina uji wa sufuria kwenye chupa bila faneli: unaoingia unaingia, unaobaki unamwagika. Nguvu inayomwagika inarudi ilikotoka. Wanaiita marejeo. Marejeo yakiachwa yanaunguza mtambo, kwa hiyo njiani kuna njia panda inayoyakamata na kuyatupa pembeni, yakageuke joto.

Faneli ndiyo hiyo koili na kapasita. Wa katikati. Bila wa katikati hawa wawili hawaelewani.

"Hamsini gawa kwa kumi," Ntandu alisema huku chaki inatembea. "Tano. Toa moja, nne. Kipeuo chake cha pili, mbili. Hiyo mbili ndiyo ufunguo. Mbili mara kumi, ishirini: ishirini hiyo naiongeza kwenye koili, nasogeza banio juu kidogo. Hamsini gawa kwa mbili, ishirini na tano: hiyo ni kapasita, inakwenda chini ardhini. Basi. Marejeo sifuri. Nguvu yote inapanda."

"Na Birika?"

"Hango."

"Nauliza tu, mtani. Na Birika?"

Birika lilikuwa pale nje, pipa la chuma kubwa kama nyumba, limefungwa mabomba, linapiga mluzi mchana na usiku. Zamani marejeo yalitupwa bure. Mwaka watoto wa Mnarani walipozidi kuota matege na meno ya kahawia kwa maji ya visimani, Bi Skolastika alimwendea mwanawe, fundi mkuu wa mtambo, akamwambia: mnachoma moto wa bure pale, na sisi huku tunakunywa sumu. Tarsila akafikiri kidogo. Akaifungua kapasita kwa mkono wake, akaiviringisha kwenye kanga. Marejeo yakawa karibu nusu ya nguvu yote. Akapitisha bomba la maji ya ziwa katikati ya joto hilo, mvuke ukapanda, ukapoa, ukatiririka maji matamu. Mji mzima ulikuja kuonja. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wana miguu iliyonyooka, ukiwaona wanakimbia unaweza kulia.

Wakati huo nusu ya sauti ilitosha. Korongo kilikuwa bado karibu.

Korongo ni chombo cha anga. Kilitumwa kikiwa na watu tisa ndani, kwenda kukamata jiwe la barafu nyuma ya sayari kubwa, kulivuta, kulileta, dunia inywe. Safari ndefu, kwa hiyo walilala, usingizi wa dawa, ule ambao huamki mpaka uamshwe. Tarsila alikuwa fundi wao wa mawasiliano. Njiani kokoto likavunja sahani ya masikio ya chombo. Ukabaki waya mrefu unaoburutwa nyuma, na waya huo unasikia wimbi moja tu duniani, wimbi la Mnarani. Vituo vingine viwili vyenye wimbi hilo viliwahi kuwepo. Kimoja kilizama, kingine wezi walikula shaba yake mpaka kikaanguka. Shirika lililowatuma lilikufa wakiwa bado njiani. Wakabaki Ntandu na Hango, na mnara.

"Sikio la chombo halisikii neno," Ntandu alisema. "Lina kazi ya kukusanya. Tone, tone, tone, mwezi mzima. Ndoo ikijaa, linawaamsha. Lakini ndoo yenyewe inavuja. Walikokuwa zamani, nusu ya sauti ilikuwa inazidi mvujo. Walikofika sasa, nusu inavuja yote. Haijai milele. Na jiwe lao wanalifikia msimu huu. Wasipoamka wanalipita, wanakwenda."

"Wanakwenda wapi?"

"Hakuna wapi. Wanakwenda tu."

Hango alikuwa ameacha kutafuna. "Na nguvu yote ikipanda, ndoo inajaa?"

"Hesabu inasema inajaa."

"Hesabu ya juzi ilisema hivyo hivyo."

"Leo nimepima kwa mkono wangu!"

Akajiona amepiga kelele. Hango hakukasirika. Alisukuma gazeti la mihogo upande wake, akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi nina watoto wanne, mtani. Wote wanakunywa pale. Sitakuzuia, maana angekuwa wangu aliye kule ningeng'oa hata mnara nikamfuate nao. Ila bolti hutaniona nabana. Nakwenda kukaa kwenye foleni na ndoo yangu, kama watu."

Alipofika mlangoni akageuza utani, maana Hango bila utani hapumui. "Na mkweo alivyofura leo, bwana, nilidhani anakuja kukuonyesha uso."

"Usiseme hivyo."

"Nimetania."

"Hilo usitanie."

Kwao mkwe na mkwe wanaoneana uso siku moja tu. Ni kaburini, siku anayezikwa ni yule aliyewaunganisha. Wanasimama pande mbili za udongo, wanatazamana, wanatajana majina, mkubwa anamnawisha mdogo mikono. Basi, ukwe umekwisha. Kila mtu na njia yake.

*

Kanga ilikuwa rafu ya juu, ya bluu, imekuwa nyeupe kwa vumbi la chumvi. Ntandu aliifungua kwenye mapaja. Kapasita ilikuwa ndani, mtungi wa kauri mzito kama mtoto wa miezi miwili, haujapata hata ufa. Siku ile ya majaribio aliichukua haraka haraka bila kuitazama kanga. Leo aliinusa. Haikunuka kitu. Kauri na vumbi.

Akawasha kinasa sauti, ingawa alijua kila neno.

"Ntandu. Hapa wametupanga kama mikate kwenye trei. Wenzangu wote wameshalala, mimi ndiye wa mwisho, kwa hiyo naongea peke yangu kama kichaa. Sikiliza. Kapasita iko kwenye kanga yangu ya bluu. Tukifika mbali irudishe. Bolti usimwachie Hango, huwa anasahau moja, mwambie nimesema. Antena ipime upya kila ziwa likihama, usiwe mvivu, namba ya zamani itakudanganya. Eee... nini tena. Mama. Msalimie mama. Mwambie..." Hapo alicheka, kicheko cha puani. "Aa, mwambie mwenyewe bwana. Mmezoea kunitumatuma kama chombo cha posta. Sitakuwepo. Mtafute njia yenu. Haya, wananiita. Usichelewe kuniamsha, unajua mimi nikilala sana kichwa kinaniuma."

Halafu mkwaruzo. Halafu mluzi wa Birika nje, ule ule, usiochoka.

Ntandu alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alimfikiria yule mtoto asiye na jina. Alijilazimisha kumfikiria, kidole kwa kidole, kitovu, mdomo. Halafu akamfikiria Tarsila amelala kwenye trei, anangoja. Huyu hakuhitaji kujilazimisha. Na hilo ndilo lililomtia aibu, kwamba mizani yenyewe haikuwa mizani, ilishaegemea siku nyingi, yeye alikuwa anajifanya tu anapima.

Akainuka. Akachukua spana.

*

Jua lilikuwa utosini alipozima mtambo. Akasogeza banio la koili, akafunga kapasita, bolti nne, akazikagua kila moja mara mbili. Akawasha.

Kwenye ubao kuna mishale miwili. Mmoja unaonyesha nguvu inayokwenda, mmoja unaonyesha inayorudi. Huu wa pili, miaka yote hii, ulikuwa umesimama katikati kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ntandu aliutazama ukishuka. Ukashuka, ukashuka, ukalala kwenye sifuri, haukutikisika. Namba zake za chaki zilikuwa kweli. Juu ya kichwa chake mnara mzima ulikuwa unapiga kelele kwenda angani, kelele ambayo hakuna sikio la mtu linaloisikia.

"Amka," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. "Amka bwana. Kumekucha."

Hapo ndipo mluzi ulipoanza kufa.

Haukukatika. Ulishuka taratibu, kutoka mluzi ukawa pumzi, kutoka pumzi ukawa kukohoa kwa mabomba yanayopoa. Watu wa Mnarani walishausahau mluzi ule, kama unavyosahau mapigo ya moyo. Sasa wote waliusikia ulipokoma. Ntandu akategemea makelele. Akategemea mawe kwenye bati. Hakuna. Alipochungulia kwenye tundu la msumari aliwaona wanakuja na ndoo zao kutoka kila upande, wanakuja, wanakaa chini kwenye chumvi, wanautazama mlango. Hango alikuwa mstari wa mbele, ndoo katikati ya magoti. Mbuzi tu, mahali fulani, alikuwa analalamika.

Kisha watu wakapisha njia, na kandambili zikaja zinaburuta.

Ntandu aliwahi kuugeuzia mlango mgongo. Alizoea.

"Limekubali?" Bi Skolastika aliuliza kutoka nje.

"Limekubali, mama. Marejeo sifuri. Anasikia. Yaani bado, sauti iko njiani, lakini atasikia. Nakuapia."

Kandambili zilisogea karibu na bati.

"Yule mtoto amenyonya leo," mama mkwe alisema. "Kidogo. Kwa kijiko cha maji ya mwisho ya Birika walimpoza, ndipo akanyonya."

"Nashukuru Mungu."

"Yaliyobaki hayafiki nusu kikombe."

"Mama, mwezi mmoja. Mchemshe ya kisima..."

"Magadi hayachemki yakaisha, unalijua hilo kuliko mimi." Akavuta pumzi. "Mwanangu aliposhika spana akafungua hicho kitu, mimi nilikuwa nimesimama hapa nilipo. Nilimuuliza, mwanangu, na nyie mtakapokuwa mbali? Akaniambia, mama, nakwenda kutafuta maji, nikiwaacha mnakufa kiu nitakuwa nakwenda kutafuta nini?"

"Alisema tukirudishe. Amesema mwenyewe, ninayo sauti yake, nikuwekee usikie..."

"Usiniwekee."

Bati likalia. Ntandu alidhani ni upepo. Halafu mwanga wa jua ukaingia sakafuni, ukaifikia chaki, ukamfikia miguuni, na ndani ya mwanga huo kulikuwa na kivuli cha mtu, kivuli chenye miguu ya upinde.

Akakimbilia ukutani. Kweli, mtu mzima, alikimbilia ukutani akaficha uso kwenye kona kama anayeogopa mboko. "Mama, niko humu ndani! Niko humu!"

"Najua uko humu."

"Funika uso, mama. Nakuomba."

"Ntandu," akasema.

Jina lake. Hakuwahi kulisikia kwa sauti hiyo. Akajua nini kimeingia mle ndani, akaanza kutikisa kichwa, paji la uso linasugua bati.

"Hajafa. Hajafa, mama. Amelala tu. Nusu ya mwaka mzima namtazama kwenye hesabu, yuko pale pale, mzima, anangoja. Mtu hazikwi mzima."

"Geuka, Ntandu."

"Wako tisa mle!"

"Nawajua. Wale wanane si wangu kuwazika. Hao tutawabeba hivyo hivyo, mimi na wewe, mpaka tutakapoulizwa. Huyu ni wangu." Akashika mwimo wa mlango. "Huyu namzika. Umeshindwa kumwacha kwa sababu bado ni mkeo. Ukimwacha hivi hivi utajiita muuaji mpaka ufe. Nimekuja kukutoa. Geuka, mwanangu, jua linaniunguza, na wale nje wana kiu."

Alichelewa sana. Hango baadaye alisema walidhani hawatageuka tena wale watu, mmoja atakufa kwenye kona na mwingine atakufa mlangoni. Lakini Ntandu aligeuka.

Yule mama alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Kanga ilikuwa mabegani, kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa mistari minne. Meno ya kahawia, ya visimani. Na paji la uso lilikuwa la Tarsila, lile lile, pana, lenye alama ndogo ya kuzaliwa nayo karibu na nyusi, kana kwamba mtu alilichora kwa mama kwanza ili ajifunze, ndipo akalichora kwa mtoto. Alikuwa amekaa na uso ule upande wa pili wa bati miaka yote, na hakujua.

Yeye naye alikuwa anatazamwa. Macho ya yule mama yalimpita kutoka nywele mpaka viatu, polepole, kama mtu anayepokea mgeni aliyesimuliwa sana.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema.

"Ndiyo mimi."

"Alisema una masikio makubwa."

Ntandu akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Bi Skolastika alikuwa na kikombe cha bati mkononi. Ndani kulikuwa na maji vidole viwili, ya Birika, yale ya mwisho, na jinsi alivyokishika ungejua hakuna kingine mji mzima.

"Taja," akasema.

Kunyoosha mikono ndiyo kukubali. Wote wawili walijua. Ntandu aliutazama mshale wa marejeo umelala pale kwenye sifuri, mzuri, hesabu safi kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Akaitazama kanga ya bluu sakafuni. Halafu mikono yake ikanyooka, yenyewe, viganja juu, na yule mama akaishika kwa mkono mmoja, akamimina kwa mwingine.

"Skolastika," Ntandu alisema.

Maji yalikuwa bado na uvuguvugu. Yalipita vidoleni, yakadondokea chaki, yakafuta hamsini, yakafuta kumi.

"Nenda salama, mama yangu," Bi Skolastika alimwambia mtu ambaye hakuwa mle ndani. Tarsila alibeba jina la bibi yake mzaa mama, kwa hiyo siku zote Bi Skolastika alimwita mama. Hakulia. Alikunja kanga ya bluu, akaiweka kwapani.

Ntandu akazima mtambo. Akazifungua bolti, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akainyanyua kapasita, akaiweka chini taratibu kama kitu kinachoweza kuamka. Banio la koili hakulirudisha lilikokuwa. Hakuwa na nguvu ya kupanda juu. Akawasha.

Mshale ukainuka. Ukapita pale uliposimama miaka yote, ukaenda kusimama kwenye nusu kamili. Kwa sababu ya banio lile Birika lilikuwa linapata zaidi kidogo kuliko zamani. Nje mabomba yakakohoa, yakapumua, halafu mluzi ukaanza, mwembamba, kama mtoto anayejifunza. Mtu mmoja kwenye foleni akaanza kulia kwa sauti, wala haikuwa furaha.

Bi Skolastika alisikiliza mpaka mluzi ukakomaa.

"Kuanzia leo mimi si mkwe wako," akasema. "Ukinikuta bombani nisalimie kama unavyosalimia mtu yeyote."

"Mama..."

"Mtu yeyote, Ntandu."

Akamtazama mara nyingine, uso mzima, bila haraka. Kisha akageuka, akatoka juani, kichwa wazi, kanga ya mwanawe kwapani, akapita katikati ya ndoo na watu waliomwinukia, miguu yake ya upinde inaburuta chumvi, na hakuangalia nyuma.